Nambari Iliyo Kwenye Skrini Ni Kauli ya Nani?

Mwanafunzi wa fasihi hufunzwa mapema kwamba asomapo riwaya asiridhike kujua kinachosemwa. Sharti aulize pia nani anayekisema, amesimama wapi anapokisema, na alikijuaje. Tangu Wayne Booth alipochapisha kitabu chake The Rhetoric of Fiction mnamo 1961, suala la msimulizi asiyeaminika limekuwa kama chumvi jikoni: hakuna semina ya nadharia isiyoligusa. Nami katika tasnifu yangu ya uzamili nimelishughulikia kwa takriban miaka miwili. Hata hivyo, mfano ulionifafanulia jambo hili kwa uwazi zaidi sikuupata katika riwaya yoyote. Niliupata katika programu ndogo inayoonyesha volteji na kasi ya kichakataji cha kompyuta. Huenda msomaji akaona kwamba nimepotea njia na kuingia katika idara isiyo yangu. Namwomba avute subira.

Kwanza, neno moja kuhusu istilahi. Nitasema kompyuta, ingawa najua wapo watetezi wa tarakilishi na wa ngamizi miongoni mwa wasomaji wa jarida hili. Ugomvi huo nimeuacha nje ya mlango kwa leo. Kichakataji ni kile kijiwe cha silikoni kinachofanya hesabu zote, ambacho mafundi wetu hukiita prosesa. Ndani yake mna viini viwili, vinne au zaidi, na kila kimoja chaweza kutekeleza kazi yake peke yake. Volteji ni msukumo wa umeme unaovilisha viini hivyo. Kizidishi nitakieleza punde.

Programu zenyewe ni nyingi. Kwa watumiaji wa Windows, CPU-Z na HWiNFO ndizo zinazojulikana zaidi. Watumiaji wa Linux wana lm-sensors na nyinginezo. Ukifungua CPU-Z utaona dirisha dogo lenye mistari kadhaa: volteji ya kiini, kasi ya kiini, kizidishi, kasi ya basi. Nambari hizo hupanda na kushuka mbele ya macho yako kama mshale wa mizani ya mchuuzi wa viazi. Na kwa kuwa zinatikisika, mtazamaji huamini kwamba zinapimwa. Imani hiyo ndiyo ninayotaka kuihakiki. Kati ya nambari hizo nne, moja husomwa kama ilivyoandikwa, moja hukadiriwa kwa kuhesabu mipigo, moja ni zao la kuzidisha hizo mbili, na ya nne, yaani volteji, yaweza kuwa kipimo ama yaweza kuwa agizo tu. Si kila dirisha linalokuambia ni ipi.

Tuanze na kizidishi. Zamani kichakataji kilikwenda mwendo mmoja na ubao uliokibeba. Mwaka 1992 Intel ilitoa 486DX2, ambacho kilikimbia ndani kwa megahezi 66 ilhali basi lililokiunganisha na kumbukumbu lilibaki kwenye megahezi 33. Mbili mara thelathini na tatu: hicho ndicho kizidishi katika umbo lake sahili. Mpenzi wa ngoma ataelewa upesi. Ngoma kubwa hupiga mara moja, na chapuo hujaza mapigo kadhaa ndani ya pigo lile moja. Katika vichakataji vingi vya Intel tangu 2011, ngoma kubwa hupiga mara milioni 100 kwa sekunde. Kizidishi kikiwa 26, kiini hukimbia kwa megahezi 2600, yaani gigahezi 2.6.

Kizidishi hakikai mahali pamoja. Tangu mwaka 2000, Intel na AMD zilipoanza kuviwekea vichakataji vya kompyuta za kubebeka uwezo wa kupunguza mwendo, kizidishi hushuka kazi ikipungua na hupanda kazi ikizidi, na volteji hufuatana nacho. Sababu ni ya kifizikia. Umeme unaoliwa hulingana na kasi, lakini hulingana pia na volteji iliyozidishwa kwa volteji yenyewe. Ukipunguza volteji kwa thuluthi moja, kasi ikibaki ile ile, matumizi haya hushuka hadi tisuni nne, chini ya nusu ya yalivyokuwa. Ndiyo maana betri hudumu, na ndiyo maana kipakatalishi hakikuunguzi mapaja.

Sasa, programu huyajuaje haya yote? Ndani ya kila kiini mna rejista, yaani vijisanduku vya kuhifadhia nambari moja moja. Katika vizazi vingi vya Intel kuanzia 2011, rejista yenye anwani 198 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita ina biti 64. Biti ya 8 hadi ya 15 hubeba kizidishi cha sasa. Biti ya 32 hadi ya 47 hubeba volteji, iliyoandikwa kwa vipande ambavyo 8192 ni sawa na volti moja. Ukikuta hapo 5734 ukaigawa kwa 8192, unapata volti 0.7. Basi. Programu haikugusa waya wowote, imesoma maandishi.

Na hata kuyasoma maandishi hayo hairuhusiwi hivi hivi. Amri ya kusoma rejista za aina hii hutekelezwa tu katika ngazi ya mamlaka ya mfumo endeshi wenyewe. Kwa hiyo CPU-Z na wenzake huja na kiendeshi, mjumbe anayeruhusiwa kuingia ndani na kurudi na habari. Wahenga walisema mjumbe hauawi, lakini huyu anastahili kupekuliwa mlangoni. Kiendeshi kimoja kiitwacho WinRing0, kilichotumiwa na programu nyingi za aina hii, kilitangazwa mwaka 2020 kuwa na kasoro ya kiusalama: mlango aliofunguliwa msomaji uliweza kupitiwa na mwizi. Isitoshe, mnamo Disemba 2019 watafiti walionyesha shambulio walilolipa jina Plundervolt, ambamo rejista ya aina hii iliandikwa badala ya kusomwa, volteji ikashushwa hadi kichakataji cha Intel kikakosea hesabu, na kupitia kosa hilo siri zilizofungiwa ndani zikatoka. Intel ililazimika kutoa marekebisho ya kuifunga njia hiyo. Kusoma na kuandika ni majirani wa ukuta mmoja.

Kizidishi tumekipata. Bado kasi ya ngoma kubwa, na hiyo programu huihesabu yenyewe. Kichakataji kina kaunta inayoongezeka kwa mwendo wa mipigo yake; ilianza na Pentium ya 1993, na katika vichakataji vya miaka hii huongezeka kwa mwendo usiobadilika hata kizidishi kikishuka. Programu husoma kaunta, husubiri kitambo kinachopimwa kwa saa nyingine iliyo ubaoni, kisha husoma tena. Mojawapo ya saa hizo nyingine hupiga mara 3,579,545 kwa sekunde. Msomaji atauliza nambari hii isiyo na adabu ilitoka wapi. Ilitoka katika televisheni! Ndiyo masafa ya mawimbi ya rangi yaliyowekwa na Marekani mwaka 1953, na kompyuta ya IBM ya 1981 ilijengwa kwa fuwele yenye mipigo mara nne ya hiyo, kipande kilichopatikana kwa urahisi madukani. Hivyo kompyuta ya leo, ikitaka kujua mwendo wake, yaweza kuuliza saa iliyorithiwa kutoka kwa televisheni za enzi za babu zetu. Sisi tunaofuatilia mapisi ya maneno tusishangae. Lugha imejaa mabaki ya namna hiyo.

Kwenye kompyuta yangu hesabu hiyo ilitoa megahezi 2594. Kizidishi cha kawaida cha kichakataji changu, ambacho nacho huandikwa katika rejista, ni 26. Gawanya: 99.77. Kwa nini isiwe 100 kamili? Kwa sababu saa ya msingi hutikiswa makusudi, kwa kiasi kisichofika asilimia moja, ili mawimbi yake yasirundikane kwenye masafa mamoja na kuvuruga redio zilizo karibu. Zidisha 99.77 kwa kizidishi cha wakati huo, nacho kilikuwa 8, upate 798. Nambari hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye skrini, ikiwa na sura ya ukweli mtupu, kumbe ni hitimisho la mantiki lenye hatua tatu.

Nambari hiyo 798 ilikuwa na uzito wake maishani mwangu. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja niwasilishe sura ya tatu ya tasnifu, na kompyuta yangu, ya mtumba, ya kizazi cha Intel kilichotolewa 2013, ilikuwa imeanza kutambaa. Faili ya kurasa tisini ilichukua dakika nzima kufunguka. Niliandika sentensi, nikanyanyua macho, nikaona herufi zikiingia moja moja kama wazee wanaokwenda barazani. Nilimpelekea fundi mmoja mjini.

"Dada, hii prosesa imechoka," aliniambia kabla hata hajaifungua. "Usihangaike nayo. Nikutafutie nyingine, elfu ishirini na nane tu."

"Imechoka vipi, fundi? Umepima?"

"Kupima nini, dada yangu? Si unaona mwenyewe inavyokwenda?"

Shilingi 28,000 zilikuwa nyingi kuliko nilizolipwa kwa mwezi kwa kufundisha vipindi katika shule ya upili. Lakini jambo lililonikera lilikuwa lile neno kuchoka. Ni sitiari, na sitiari ina tabia ya kuficha swali. Binadamu huchoka, kichakataji hakichoki kwa namna hiyo. Chaweza kufa, chaweza kupata moto kikajipunguzia mwendo, au chaweza kuzuiwa.

Usiku huo niliweka programu ya ufuatiliaji, nikaipa kompyuta kazi nzito, nikatazama. Kizidishi kilikaa kwenye 8, kiwango cha chini kabisa cha kichakataji hicho, na hakikutikisika. Volteji ilikuwa 0.7. Halijoto ilikuwa nyuzi 46. Nambari hizi tatu zikisomwa pamoja zina kisa tofauti na cha fundi. Kama lingekuwa joto, halijoto ingekuwa imekaribia nyuzi 100. Kama kingekuwa kimekufa, kisingefanya hesabu yoyote. Kizidishi kilichoganda kwenye kiwango cha chini huku joto likiwa dogo ni dalili ya amri kutoka nje. Upo waya ambao kwao kichakataji huujulisha ubao kwamba kimepata moto. Waya huo huo waweza kuvutwa na ubao wenyewe, ukakiambia kichakataji kijione kana kwamba kimepata moto. Baadhi ya vipakatalishi hutumia njia ya aina hiyo vinaposhindwa kuitambua chaja: kipini chembamba katikati ya plagi huulizwa jina, na kikikosa kujibu, kompyuta hujinyima mwendo isije ikaizidi nguvu chaja isiyoijua.

Nilichomoa chaja. Kizidishi kikaruka hadi 26, kisha 31. Nikaichomeka tena, 8. Niliirudia mara nne, kwa furaha ya kitoto nisiyoweza kuieleza. Chaja iliyokuja na kompyuta hiyo haikuwa yake ya asili. Iliyostahili niliipata kwa shilingi 2,500, na sura ya tatu ikafika kwa msimamizi siku mbili kabla ya tarehe.

Tofauti kati ya kuchoka na kukatazwa ndiyo tofauti tunayoitafuta tunapomsoma mhusika mnyamavu. Je, hana la kusema, ama amenyamazishwa? Wahakiki wengi, nathubutu kusema, hukimbilia jibu la kwanza, kama yule fundi.

Lakini nisije nikaipa programu sifa isiyoistahili. Ile volti 0.7 ilikuwa kauli ya nani? Haikuwa kipimo. Ilikuwa ni ombi. Kichakataji hutuma msimbo kwa kidhibiti cha umeme kikisema nataka volti kadhaa, na programu huusoma msimbo huo. Mfano ulio wazi zaidi ni wa vichakataji vya AMD vya familia ya Athlon 64, vilivyoanza kuuzwa 2003. Humo msimbo 0 ulimaanisha volti 1.550, na kila hatua moja juu ilipunguza volti 0.025. Msimbo 10 basi ni volti 1.300. Programu ilifanya utoaji huo wa darasa la nne, ikaandika jibu kwenye skrini, na mtumiaji akasema volteji yake ni 1.300. Ni sawa na mtu kusoma karatasi ya oda mkononi mwa mhudumu wa hoteli, kisha akadai ameonja pilau.

Baina ya oda na sahani kuna mengi. Umeme hupita kwenye kidhibiti, kwenye shaba ya ubao, kwenye pini. Hata kidhibiti chenyewe huagizwa kiiachilie volteji ishuke kidogo mzigo unapokuwa mkubwa, ili isiruke kupita kiasi mzigo unapotoka ghafla. Anayetaka kujua kilichofika kweli lazima apime, na kipimo hufanywa na chipu nyingine kabisa kwenye ubao mama. Chipu ya ITE iitwayo IT8712F, kwa mfano, hupima kwa biti 8, kwa hatua za milivolti 16, hadi volti 4.08. Yaweza kusema 1.184 au 1.200, kilichomo katikati haina neno la kukisemea. Tena hupima pale waya wake ulipofungwa ubaoni, wala si ndani ya kiini.

Kubwa zaidi, chipu hiyo haijui inachokipima. Ina milango iliyopewa nambari, na mtengenezaji wa ubao ndiye anayeamua mlango upi uunganishwe na nini. Umeme wa volti 12 hauwezi kuingia humo mzima mzima. Hugawanywa kwanza kwa vipingamizi, na programu hutakiwa kujua uwiano wa mgawanyo huo ili irudishe nambari ya asili. Ubao usipokuwemo katika orodha ya mwandishi wa programu, hukosea kwa ujasiri mkubwa: mtu akasoma kwamba umeme wake wa volti 12 ni volti 3, akaingiwa na hofu, ilhali kompyuta inanguruma mbele yake bila tatizo. Na katika kizazi cha kichakataji changu Intel ilihamishia hatua ya mwisho ya udhibiti ndani ya kichakataji chenyewe, kiasi kwamba aliye nje huona tu volti 1.8 hivi zikiingia. Kilichotokea ndani, atakijua kwa kuambiwa.

Hapa ndipo msimulizi maizi anapoanguka kutoka kwenye kiti chake. Programu ya ufuatiliaji huvaa sauti yake, sauti ya anayejua yote na kuona yote. Kimsingi ni msimulizi wa kusikia, aliyeketi nje ya nyumba, akipokea vijikaratasi kutoka dirishani na kuvisoma kwa sauti nzito.

Lipo jambo la mwisho, na ndilo lililonivutia kuliko yote. Msimulizi huyu huibadili hadithi kwa kuisimulia. Mnamo Julai 2019 AMD ilitoa vichakataji vya Ryzen vya mfululizo wa 3000. Punde si punde wanunuzi wakalalamika: kompyuta ikiwa haifanyi lolote, programu zilionyesha volteji ya juu na kasi ya juu, kana kwamba kichakataji hakijui kulala. Kabla ya mwezi kuisha AMD ilieleza kilichokuwa kikitokea. Ili kusoma rejista za kiini fulani, programu lazima iendeshwe kwenye kiini hicho hicho. Kwa hiyo humwamsha aliyelala ili imuulize kama amelala. Baadhi ya programu, kwa maelezo ya AMD, ziliamsha viini vyote kwa milisekunde 20, zikarudia hivyo kila milisekunde 200. Vichakataji hivyo vilikuwa vyepesi mno kuitikia wito, vikapandisha kasi na volteji papo hapo, na programu ikanukuu kile ilichokisababisha yenyewe. Mtafiti wa fasihi simulizi aliyewahi kuweka kinasasauti mbele ya fanani, akaona wimbo wa kazi ukigeuka kuwa maonyesho, hana haja ya maelezo zaidi.

Dawa iliyopatikana ni ya busara. Vichakataji vina kaunta mbili ambazo huhesabu tu kiini kinapokuwa macho: moja kwa mwendo wa kawaida usiobadilika, nyingine kwa mwendo halisi. Badala ya kumshtua mhusika na kumuuliza anakimbia kasi gani sasa hivi, programu husoma kaunta hizo mwanzoni na mwishoni mwa kipindi, kisha huhesabu ni kazi kiasi gani iliyofanyika baina ya nyakati hizo mbili, usingizi ukijumuishwa. HWiNFO huonyesha kasi ya namna hii sambamba na ile ya kuzidisha. Mara nyingi mstari mmoja husema 3600 na wa pili husema 40, kwa kiini kile kile, dakika ile ile, na yote mawili ni kweli.

Tofauti hizi zinahitaji majina katika Kiswahili, nami napendekeza haya kwa wenzangu wa istilahi. Volteji inayosomwa kutoka kwenye msimbo tuiite volteji ombwa. Inayotoka kwenye chipu ya ubaoni tuiite volteji pimwa. Kasi inayopatikana kwa kuzidisha iwe kasi tajwa, na ile ya kaunta mbili iwe kasi tendaji. Mhadhiri wangu mmoja wa isimu tayari ameipinga volteji ombwa, akisema inasikika kama mtu aliyeomba kazi akanyimwa. Nimemjibu kwamba mara nyingi, mzigo unapokuwa mkubwa, hivyo ndivyo inavyokuwa.